Mke wa Susu Kalekye

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, karani wa sensa aliandika namba kwa chaki kwenye mlango wa nyumba yetu. Kabla ya saa nne, neno ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelizunguka tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni lilikuwa limesemwa kwa sauti, kwanza kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili, na aliyelisema kwa Kiswahili nilikuwa mimi. Saa naikumbuka kwa sababu karani mwenyewe alinionyesha ile yake ya mkononi alipoomba nimtafsirie. Alisema amechelewa, kwamba alitakiwa amalize upande wetu wa korongo kabla jua halijawa kali, na kwamba Kikamba chake kilikuwa cha dukani tu: bei, chenji na asante. Jina lake lilikuwa Kamau. Wazazi wake walitoka sehemu za kati ya nchi wakafungua duka Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na yeye aliletwa kwetu Kathonzweni kwa kuwa makarani wa huku hawakutosha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, niko nyumbani kwa likizo ya Agosti, na nilijivunia Kiswahili changu kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho.

Nilidhani nimeshaliweka jambo hilo mahali pake, kama ninavyoweka misumari kwa ukubwa katika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi. Kisha Mwaitu akafariki. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. Katika kamati ya mazishi, kijana mmoja wa kanisa alikuwa na kompyuta magotini, akiandaa karatasi ya ratiba yenye historia ya marehemu, na alipofika mahali fulani akauliza bila ubaya wowote, "Hapa niweke alikuwa mke wa nani?" Watu waliokuwa chini ya hema ile, walio na umri wa kukumbuka, wote walijua jibu. Waliangalia vikombe vyao. Mimi ndiye mkubwa wa watoto, mimi ndiye ninayesoma vitabu, mimi ndiye watu humletea karatasi za serikali niwafafanulie. Nikasema, "Hapo ruka." Akaruka. Siku ya mazishi Kamau alikuja, mzito sasa, kichwa kimeanza kuwa na upara, akanivuta kando ya matangi ya maji. "Pole sana, Mbithe," akaniambia. "Na ujue kitu moja. Mimi niliandika vile uliniambia. Si mimi nilifuta."

Asubuhi ile tulikuwa tumekaa chumba cha Susu, yaani nyanya, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na meza. Kilinukia moshi, ugoro na mbaazi zilizokuwa zimeanikwa juani siku tatu na kuingizwa ndani usiku kwa kuogopa mbuzi wa jirani. Gunia lake la ndengu lilikuwa pembeni, likiwa limefunikwa leso. Mezani palikuwa na sufuria ya muthokoi uliobaki jana, mahindi yaliyotwangwa yakaachana na maganda, yakapikwa na mbaazi mpaka yakawa laini, na birika la chai ya turungi, kwa kuwa maziwa yalikuwa ya Jumapili. Susu Kalekye alikaa kwenye kigoda chake, miguu imenyooshwa, akamtazama karani kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuposa. Mzee wa kijiji, Mzee Mutisya, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha karani njia, alikataa kiti akasimama mlangoni.

"Uliza mwenye nyumba ni nani," Kamau akasema.

Nikauliza. Susu akacheka. "Kwani anaona nani amekaa?"

"Ni yeye," nikamwambia.

"Uliza ako na watoto wangapi hapa, wale walilala usiku wa sensa."

Kwetu watu hawahesabiwi kwa idadi. Ng'ombe hawahesabiwi wakiwa wazima zizini, na watoto hawahesabiwi kamwe, kwa kuwa kinachohesabiwa kimeonyeshwa kwa wasiokitakia mema. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba kidato cha pili hakiamini hivyo. Nikauliza vilevile alivyosema. Susu akanigeukia. "Idadi ya nini? Anataka kununua?" Kisha, kwa kuwa alikuwa na adabu kwa wageni, akawataja: "Kuna Mbithe huyu anayekusemea. Kuna Muema, amepeleka punda mtoni. Kuna Kyalo, huyo unamsikia hapo nyuma ya nyumba akikojolea ukuta wangu." Kamau alikuwa kijana mwerevu. Alikunja vidole vyake chini ya ubao wa kuandikia, kimoja kimoja, akaandika tatu bila kuitamka. Susu aliona, akampenda kuanzia hapo.

Mwaitu alikuwa kizingitini na ungo wa mbaazi mapajani, akipepeta. Alivaa kile kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kwa kuwa ilikuwa wiki yao ya maombi. Kamau akanyoosha kalamu yake ya risasi. "Na huyu mama ni nani wa shosho?" akauliza, akimaanisha Susu.

"Mwambie ni mke wangu," Susu akasema.

Nikasema. "Anasema ni mke wake."

"Mke wa kijana yake."

"La. Mke wake."

Kamau akainua macho. "Mke wa shosho?"

Mzee Mutisya akakohoa. "Kijana, andika ni mke wa mtoto wake marehemu, tuende. Nyumba bado ni mingi."

Susu hakujua Kiswahili, lakini aliwajua watu. "Mutisya amesema nini?" Nilipomweleza, akageuza kigoda. "Mutisya, wewe si ulikula nyama ya wale mbuzi? Ulipewa mguu. Kama huyu ni mke wa mtoto, nitajie huyo mtoto. Nilimzaa lini? Ulimpa nini alipotahiriwa?" Mzee Mutisya akatazama viatu vyake, akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kama anayeungama: "Ni kweli nilikula. Lakini hiyo ni mambo ya hapa. Si ya serikali."

Hapa lazima nieleze, kwa kuwa hata baadhi ya Wakamba wenzangu wa leo hawaelewi. Susu aliolewa, akatoka kwao Kitui, akavuka mto na mumewe kuja kufyeka shamba hili lilipokuwa pori. Mume alifariki kabla hawajapata mtoto, na watoto wa shemeji yake wakaanza kulipima shamba kwa hatua huku Susu mwenyewe akiwaangalia. Mwanamke wa hali hiyo alikuwa na njia moja inayokubalika. Alitoa mbuzi wa ntheo, wale wanaofanya ndoa iwe ndoa, akamwoa mwanamke mwingine kwa jina la nyumba yake. Mke huyo huitwa iweto. Watoto wake, awazae na mwanamume yeyote, ni wa nyumba ile, na shamba ni lao. Mambo ya kitanda hayamo; ni jina, mlango na ardhi. Kila mtu alijua kwamba Mwaitu ni iweto wa Kalekye, na kila mtu, mbele ya wageni na mbele ya kanisa, alimwita mjane. Halikuwa neno la uongo hasa. Lilikuwa kama pazia: aliye ndani na aliye nje wote wanajua pana nini nyuma yake, na maisha yanaendelea.

Kwa nini Susu hakulitumia pazia hilo siku ile? Alimweleza Kamau mwenyewe, nami nikatafsiri, chai ikipoa. Alipokuwa msichana mdogo Kitui, alisema, watu wa kuhesabu walikuja na chifu aliyewekwa na serikali. Hawakuhesabu watu. Walihesabu vibanda, kwa kuwa kodi ilikuwa ya kibanda. Kijana mmoja alibeba kibuyu, na kila walipopita kibanda chenye moto wa kupikia, kokoto moja iliingia ndani. Baba yake alikuwa na wake watatu, kwa hiyo kokoto tatu, kwa hiyo kodi tatu, na shilingi zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi mbali. Aliposikia wanakuja, alibomoa kibanda cha mke mdogo jioni moja, miti yake akaitumia kwa zizi. Mke mdogo akahamia ghalani na watoto wake. Yeyote aliyeuliza aliambiwa huyo ni mgeni. "Tulimwita mgeni mpaka yeye mwenyewe akazoea," Susu alisema. "Hata alipokufa, ugomvi ulizuka azikwe upande gani. Mwanamke asiye na kibanda hakuwapo. Mwambie huyu kijana kwamba leo wamekuja kuhesabu watu, nami nimefurahi. Basi aandike watu."

Kamau akaandika mke. Nilimwona akiandika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha shule kwa kukosa karo na nimeanza kusoma kwa mpango wangu mwenyewe, nilitafuta habari za hesabu hizo za zamani. Nilisoma kwenye maktaba ya Wote, siku zangu za mapumziko, na katika vitabu vichakavu vinavyouzwa chini kwenye magunia. Nilitaka kujua kama Susu alikumbuka sawasawa, na kwa sehemu kubwa alikumbuka. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya ukoloni, watu waliohesabiwa mmoja mmoja, kwa fomu, kwa jina na umri na kazi, walikuwa Wazungu, Wahindi na Waarabu. Mwafrika alikadiriwa. Maafisa walichukua daftari za kodi, wakatazama vibanda, wakazidisha kwa idadi ya watu waliodhani hulala katika kibanda kimoja, na jibu likaitwa idadi ya wenyeji. Kuhesabiwa kweli, kichwa kwa kichwa, kulikuja baadaye sana, baada ya vita vya pili. Kwa hiyo kila aliyebomoa kibanda alifuta watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na afisa aliyezidisha aliongeza watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, na pengine makosa hayo mawili yalikutana mahali fulani katikati. Nilipoyasoma hayo nilifurahi kama mtu aliyepata ufunguo. Kisha nikakumbuka kwamba mwenye haja na ufunguo huo alikuwa ameshalala kaburini miaka mingi.

Msimamizi wa makarani alifika siku ya tatu kwa baiskeli. Alikuwa Mwalimu Kioko wa shule ya msingi, mtu safi, mwenye mwandiko mzuri, na mzee wa kanisa alimosali Mwaitu. Hakuingia ndani. Alisimama uani ambapo majirani wawili walikuwa wamekuja kuazima ungo, akafungua fomu juu ya tandiko la baiskeli.

"Mama Mbithe, kuna makosa hapa. Huyu kijana wa Kambu ameandika vitu haviwezekani. Mkuu wa nyumba mwanamke, mke mwanamke. Kompyuta ya Nairobi itarudisha hii, waniulize mimi nilikuwa nimelewa?"

Mwaitu aliendelea kupepeta mbaazi, maganda yakimwangukia miguuni.

"Si wewe ni mjane?" akaendelea, sasa kwa sauti nyingine. "Kanisani si tumekuandika mjane? Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Susu alitoka akiegemea fimbo, akataka kujua kinachosemwa. Nilimwambia. Naye akasema maneno yaleyale aliyomwambia Kamau, polepole zaidi, kama anavyofundishwa mtoto, nami nikatafsiri tena ingawa Mwalimu alikuwa Mkamba kama sisi na hakuhitaji mkalimani. Sijui kwa nini nilitafsiri. Labda nilidhani kwa Kiswahili lingekuwa jambo la ofisini, lisilo na harufu. Majirani walisogea karibu kusikia. Mwalimu Kioko alitoa raba mfukoni, akafuta, akapuliza vumbi la karatasi, akaandika. "Nimeweka mfanyakazi," akasema. "Hiyo itapita." Alipoondoka, Mwaitu aliinuka, akaenda jikoni, akavua kile kitambaa cheupe, akakikunja mara nne. Sikuwahi kumwona akikivua mchana.

Shule zilipofunguliwa, habari ilikuwa imenitangulia. Wasichana wa bweni letu wengi walikuwa watoto wa nyumba za aina zote, wengine walikuwa na shangazi walio maweto, lakini sasa lilikuwa limesemwa na serikali, na lililosemwa na serikali lilikuwa na ruhusa ya kuchekwa. "Mbithe, baba yako bado anavaa leso?" "Msalimie baba, mwambie anyoe ndevu." Siku ya wazazi mmoja alinyoosha kidole langoni: "Baba wa Mbithe huyo anakuja na kiondo!" Alikuwa Susu kweli. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuniletea mayai yaliyochemshwa na karanga. Nilimpokea nyuma ya choo cha walimu, ambapo hapakuwa na watu, na nikamwambia hapo ndipo wageni hupokelewa. Alikaa juu ya jiwe, akala yai moja nami. "Shule yenu ina harufu," alisema.

Pasta wetu alikuwa ametokea Kikima, akiwa na mwaka mmoja tu kwetu, na hakuwa amewahi kuambiwa. Aliposikia kwamba mwanamke wa kwaya yake ameolewa na mwanamke, alielewa jambo jingine kabisa, jambo ambalo Susu, hata ungekaa naye mwezi mzima ukimfafanulia, asingejua linamhusu nini. Wazee wa kanisa walipomweleza desturi, alikuwa ameshahubiri Jumapili mbili. Hakurudi nyuma, ila alibadilisha kosa: kama si lile, basi ni hili, kwamba ameishi bila mume na kuzaa, na amelidanganya kanisa. Nilisikia kikao chao kupitia ukuta wa jiko la kanisa wakati wa likizo ya Desemba, nikiwa nimekaa juu ya mtungi uliopinduliwa. "Hatumfukuzi," Mwalimu Kioko alikuwa akisema, na naamini alikuwa na huruma ya kweli. "Tunamtoa kifungoni. Arudishe mbuzi, ndoa ivunjike, awe huru. Shida ni kwamba kakake, aliyewapokea, hana mbuzi."

"Basi tuchange," akasema mwanamke mmoja. "Si tulichanga ya jenereta?"

Ndivyo kanisa lilivyofanya harambee ya kumkomboa Mwaitu. Sijawahi kusikia nyingine ya namna hiyo, na nimeuliza. Walimkalisha Mwaitu kwenye kiti cha mbele, akiwa ametazamana na watu, mikono mapajani, na hakuruhusiwa kuwa na kitambaa chake mpaka siku atakapopokelewa upya. Mwalimu Kioko alishika kipaza sauti kisichokuwa na betri, akakishika tu kwa heshima. Walinadi trei ya mayai, wakanadi kuku wa shingo tupu. "Huyu kuku ameokoka, angalia hana hata shanga!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka, na mnada ukapanda. Kiondo kilinunuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu ili kinadiwe tena. Watu maskini walitoa. Hilo ndilo linaloniumiza kulieleza, kwamba hawakuwa watu wabaya. Mjane mmoja wa kweli alitoa ndengu za mbegu. Kisha Mwalimu akaita, "Na binti yake yuko wapi, msichana wetu wa sekondari? Atatoa nini kumtoa mamake?" Nilisimama. Nilikuwa na shilingi ishirini za sabuni. Nilitembea mpaka mbele nikaziweka kapuni, vigelegele vikapigwa, na nilipogeuka nikapita mbele ya Mwaitu kwa ukaribu wa kuweza kumgusa. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayejaribu kusoma bango lililo mbali.

Nilizitoa kwa moyo wote. Nilitaka tuondoke. Nilikuwa nimeshapanga maisha mengine Kikima, kwa mjomba, shule ambayo hakuna anayenijua, mama mjane wa kawaida. Nilikuwa hata nimezikunja nguo zangu na kuzitia katika mfuko wa karatasi wa saruji chini ya kitanda. Susu sikumweka katika mpango huo. Nilidhani, nikidhani lolote, kwamba wazee hubaki mahali walipo, kama mawe ya jikoni.

Jumatano iliyofuata walikuja nyumbani mchana: Pasta, Mwalimu Kioko, mweka hazina wa kanisa aliyekuwa mama mmoja mnene mwenye pumu, na mjomba wangu kutoka Kikima aliyevaa koti lisilo lake. Susu alituamuru tupike. Alisema hakuna anayekuja kuvunja nyumba yake akiwa na njaa. Tulipakua muthokoi, na kila mmoja alikula, Pasta akaomba aongezwe. Baada ya kunawa, mweka hazina aliweka bahasha mezani, na Pasta akaeleza kwa upole kwamba hizi ni thamani ya mbuzi wote, Susu apokee, Mwaitu awe huru.

Susu hakuigusa. "Mimi sijasoma," akasema kwa Kikamba, "lakini hii naijua. Mbuzi wakirudi, watoto wanaondoka na mama yao na jina langu linafungwa. Watoto wakibaki, mbuzi hawarudi. Hakuna ya tatu. Mnataka ipi?"

"Watoto wafuate mama," Pasta akasema.

Mjomba akatazama mabati. Shamba lake la Kikima lilikuwa kwenye mteremko ambapo mtu hupanda mahindi akiwa ameshika mti kwa mkono mmoja, na alikuwa na watoto saba. "Tutabanana," akasema, na hakuna aliyemwamini.

"Mimi sitoki," akasema ndugu yangu Muema kutoka mlangoni. "Punda ni wa hapa." Mweka hazina alicheka, kisha akakohoa.

Ndipo Susu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimgeukia Mwaitu. "Ndunge," alimwita kwa jina lake, "sikushiki. Ukitaka kwenda, nitazichukua hizo pesa na nitasema mbele ya hawa kwamba nimeridhika. Wale watoto wa shemeji yangu nitapambana nao peke yangu. Nimepambana nao kabla yako." Sauti yake haikutetemeka. Akaiweka mikono chini ya leso.

Mwaitu alikuwa akimwaga chai. Aliweka birika chini. "Mbithe ameshafunga nguo zake," alisema. "Nimeziona chini ya kitanda. Simlaumu, yeye ndiye anayechekwa." Kila mtu akanitazama, na Susu akanitazama, na nimetazamwa mara nyingi maishani lakini nikifumba macho ndiyo hiyo ninayoiona. Kisha Mwaitu akamgeukia Pasta, akahamia Kiswahili. "Pasta, kanisani nilisema mimi ni mjane kwa sababu ni neno rahisi. Hiyo nilikosea, na naomba msamaha. Lakini wakati nilikuja hapa nilikuwa na mtoto mgongoni, na kwetu nilikuwa nalala jikoni ya bibi ya huyu kaka yangu. Yeye mwenyewe anajua. Huyu mama alinipatia mlango. Nikichukua hizi pesa, kesho asubuhi huo mlango ni wa wengine, na yeye atalala wapi? Nimeshukuru mlivyonichangia. Rudisheni."

"Ukikataa, Dada Ndunge, unajua tutalazimika," Pasta akasema.

"Najua."

Walimtenga. Kwa miaka kumi na mmoja Mwaitu alisali kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, akiimba sauti ya pili kutoka huko, na kwaya iliyokuwa ndani ilimfuata bila kukubali kwamba inamfuata. Pasta alihamishwa, aliyemfuata alimfungulia mlango bila kuuliza chochote, na hakuna aliyelitaja tena. Susu alifariki akiwa kitandani mwake mwenyewe. Wapima ardhi walipokuja, watoto wa shemeji yake walikuja nao, na Mzee Mutisya, akiwa ameshapoteza meno, alisimama mbele yao akasema alipewa mguu wa mbuzi siku ya ntheo na bado anaukumbuka. Shamba ni letu, sisi watatu. Sikupata kumwomba Susu radhi kwa lile jiwe la nyuma ya choo. Kila nilipoanza, alinituma maji. Na juzi tu, chini ya hema, kijana aliponiuliza Mwaitu alikuwa mke wa nani, nilipata nafasi ya kulisema tena kwa lugha yoyote niliyotaka, nikasema aruke.

Siku ile ya bahasha hawakuondoka mara moja. Mweka hazina alikuwa mtu mwangalifu, na aliogopa kusemwe baadaye kwamba pesa za kanisa zilipungua ndani ya nyumba ya Kalekye. Kwa hiyo alisogeza sahani, akamwaga noti na sarafu mezani, akaanza kuzihesabu kwa sauti mbele ya mashahidi, akisimama kuvuta pumzi kila baada ya mia. Mwaitu alikaa ng'ambo ya meza, akafuata kwa midomo kila namba mpaka mwisho, ndipo akamsaidia kuzirudisha kwenye bahasha. Zilitoka nyumbani kwetu vile zilivyoingia: shilingi elfu tisa, mia sita na arobaini.